Mkojo mwingi, choo kigumu: paka mwenye kisukari anapofunga choo

Ukifuga paka mwenye kisukari ambacho bado hakijatulia, trei yake ya mchanga itakuonyesha jambo la kushangaza. Mchanga wote umelowa, mabonge ya mkojo yameshinda ngumi kwa ukubwa, na pembeni vimelala vipande viwili vitatu vya choo, vikavu, vigumu kama kokwa za zambarau. Bakuli la maji ulilolijaza asubuhi, mchana halina kitu. Kila mwenye macho hujiuliza: huyu anakunywa maji kutwa kucha, choo chake kinakaukaje?

Jibu lake ndilo linaloongoza karibu kila uamuzi utakaofuata, kwa hiyo tuliendee taratibu.

Figo za paka huchuja damu, kisha huirudisha sukari mwilini. Zina kikomo. Sukari ya damu ikipita takriban milimoli 14 hadi 16 kwa lita (kwa mashine zinazosoma miligramu ni kama 250 hadi 290), figo hushindwa kuirudisha yote na nyingine inavuja kwenye mkojo. Sukari huvuta maji, kwa hiyo nayo maji yanatoka. Angalia mpangilio huo: paka huanza kukojoa sana, ndipo kiu inafuata. Anakunywa ili kufidia, na mara nyingi hafikii alichopoteza. Mwili ukipungukiwa maji huyatafuta popote yalipo, na utumbo mpana ndio wenye kazi hiyo ya kufyonza maji kwenye mabaki ya chakula. Siku za kawaida hufyonza kwa kiasi. Siku za upungufu hufyonza mpaka tone la mwisho. Choo kinakauka, kinakwenda polepole, na kadiri kinavyochelewa ndivyo kinavyozidi kukauka.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wale wanaokimbilia dawa ya kulainisha choo. Kwa paka mwenye kisukari, kufunga choo kunakojirudia ni sababu ya kupima sukari kabla ya kufungua chupa yoyote. Ikiwa sukari inashinda juu siku nzima, dawa ya choo itafanya kazi ya kubeba maji kwenye ndoo iliyotoboka.

Sukari siyo mkosaji pekee, hata hivyo. Mkojo mwingi huondoka na potasiamu, na insulini anayochomwa kushusha sukari nayo huisukuma ile iliyobaki kwenye damu iingie ndani ya chembe za mwili. Misuli iliyopungukiwa potasiamu hulegea, na utumbo ni misuli. Paka wa namna hiyo huwa mnyonge, wakati mwingine shingo inainama kana kwamba kichwa kimemzidi uzito, na choo hakisukumwi. Isitoshe, wagonjwa wengi wa kisukari ni paka wa makamo au wazee, wanene, mara nyingi madume waliohasiwa. Umri huo huja na figo zilizochoka na viungo vinavyouma. Mwenye maumivu ya nyonga hachuchumai kwa hiari. Kisukari kilichoachwa bila kudhibitiwa huweza pia kuharibu mishipa ya fahamu ya miguu ya nyuma hadi paka akatembea kwa visigino, na kwake ukingo wa trei wenye urefu wa kiganja ni ukuta.

Halafu lipo la usafi, ambalo watu hulidharau. Trei iliyokuwa ikitosha kwa siku nzima kabla ya ugonjwa sasa inalowa chapachapa kwa nusu siku. Paka ni mnyama mwenye kinyaa. Akikuta mchanga umelowa hugeuka, hubana, na choo kinachobanwa hukauka. Kuongeza trei ya pili yenye mlango wa chini, na kuchota mabonge asubuhi na jioni, ni tiba isiyo na madhara hata chembe, na ningeianza leo hii kabla ya kumpigia mtu yeyote simu. Huku kwetu ongeza mifupa: paka anayepewa makombo ya kuku na vichwa vya samaki humeza vipande vya mfupa vinavyosagika na kuganda utumbo mzima. Ongeza na dawa nyingine anazotumia. Za kutuliza maumivu za jamii ya afyuni, kama buprenofini, hufunga choo. Vivyo hivyo aluminiamu haidroksaidi inayotolewa kwa wagonjwa wa figo. Sindano ya steroidi ya kutuliza kuwashwa haifungi choo yenyewe, bali hupandisha sukari, na mzunguko wa mkojo na ukavu ukaanza upya.

Kwanza hakikisha ni choo

Paka anayejikamua kwenye trei bila kutoa kitu anaweza kuwa amefunga choo, na anaweza kuwa amefunga mkojo. Kwa mbali mambo haya mawili hayatofautiani. Dume aliyeziba njia ya mkojo anaweza kufa ndani ya siku mbili au tatu, na dawa ya choo itakuwa imempotezea muda huo. Mwenye kisukari yuko kwenye hatari ya ziada, maana sukari kwenye mkojo huwalisha bakteria, na maambukizi ya kibofu humfanya ajikamue kila mara akitoa matone.

Kwa hiyo tazama mchanga. Je, kuna bonge la mkojo la leo? Paka wa kisukari asiyekuwa na bonge kubwa la mkojo kwa nusu siku amebadilika, na mabadiliko hayo hayasubiri kesho. Kinyume chake, ukiona mabonge ya mkojo kama kawaida lakini hakuna choo kwa siku mbili, au anatoa vikokwa vikavu na kulia, au anatapika baada ya kujikamua, basi choo ndicho chenye shida. Usidanganywe na choo chembamba cha majimaji kinachopita pembeni mwa donge gumu. Mfugaji huona kuharisha, akampa dawa ya kufunga, na donge likabaki palepale.

Saa moja asubuhi, sindano mkononi

Kitu kinachoua paka wa kisukari aliyefunga choo mara chache sana huwa ni choo chenyewe. Huwa ni kutokula.

Tuseme ni saa moja asubuhi, wakati wa sindano. Jana usiku alilamba mchuzi akaacha nyama. Juzi ndiyo mara ya mwisho kupata choo. Sasa amejikunyata nyuma ya kabati, bakuli lake liko vilevile ulivyoliweka. Insulini haijali kama tumboni kumeingia kitu. Ikishapita kwenye ngozi hairudishwi, na itashusha sukari kwa saa nyingi zijazo. Ukimpa dozi kamili paka asiyekula, au aliyekula akatapika, sukari inaweza kuanguka hadi akapoteza fahamu wakati wewe uko kazini.

Utaratibu wa salama ni huu: mpe chakula kwanza, kile anachokipenda zaidi, kikiwa vuguvugu ili kinukie. Akila, na kisitapikwe, mnaendelea kama kawaida. Asipokula, pima sukari, kisha mpigie daktari wa mifugo kabla ya kuchoma chochote. Usikisie nusu dozi kwa sababu jirani alifanya hivyo kwa paka wake. Daktari ataamua kupunguza au kuruka kwa kuangalia namba uliyoisoma, aina ya insulini na historia ya paka wako. Bora zaidi, muulize swali hili siku ambayo paka ni mzima: "Daktari, akigoma kula asubuhi, nifanye nini?" Jibu liandike, libandike kwenye mlango wa friji pale inapokaa chupa ya insulini.

Mtu atauliza kwa nini asiache tu sindano mpaka choo kitoke. Sindano moja ikirukwa, sukari hupanda kwa nusu siku na kwa kawaida paka hupona salama. Zikirukwa kadhaa kwa paka ambaye tayari hali na hana maji ya kutosha, mwili wake, ukiwa hauwezi kutumia sukari, huanza kuchoma mafuta kwa fujo na kujaza damu ketoni, ambazo ni tindikali. Dalili zake ni kutapika, unyonge mkubwa, pumzi ya kasi, na mdomo wenye harufu kama ya dawa ya kufutia rangi ya kucha. Hiyo ni dharura ya kulazwa. Vijiti vya kupimia ketoni kwenye mkojo huuzwa famasi za kawaida, ni vya bei nafuu, na unaweza kuchovya kwenye mkojo uliokingwa kwa upawa chini ya mkia. Kwa hiyo hatari ziko pande zote mbili: dozi kamili kwa tumbo tupu huweza kumwangusha ndani ya saa chache, na kukosa insulini siku mbili mfululizo huweza kumpeleka kwenye ketoni. Kati ya hizo mbili njia ni nyembamba, ndiyo maana simu kwa daktari ina thamani kuliko ujasiri.

Paka mnene ana hatari ya tatu. Akikaa siku mbili tatu bila kula, mafuta ya mwili humiminika kwenye ini na ini linashindwa kazi. Utaona weupe wa macho na ndani ya masikio ukigeuka njano. Wengi wa wenye kisukari ni wanene. Kwa hiyo paka wa namna hii asipokula kwa siku moja nzima, mpeleke akaonwe, hata kama unadhani "ni choo tu."

Dalili za sukari kushuka zijue kwa moyo: kuyumba kama mlevi, kutetemeka, kulegea, macho kukodoa bila kuona, degedege. Kipimo kikiwa chini ya milimoli 3.3 (kama 60 kwa miligramu) usingoje dalili. Kama ana fahamu na anaweza kumeza, mpe chakula. Kama hawezi, mpake asali au maji mazito ya glukosi kwenye ufizi kwa kidole, usimimine kooni, kisha mkimbize kliniki. Mashine za kupimia sukari za binadamu kwa kawaida husoma chini kidogo kwa damu ya paka kuliko ilivyo kweli, lakini tofauti hiyo isikupe ujasiri wa kupuuza namba ndogo.

Kuna na jipya ambalo wengi hawajalisikia. Tangu mwishoni mwa mwaka 2022 Marekani iliidhinisha kidonge cha beksagliflozini kwa paka wenye kisukari, na Agosti 2023 ikafuata velagliflozini, dawa ya maji ya kunywa mara moja kwa siku. Dawa hizi huishusha sukari kwa kuiamuru figo iitupe kwenye mkojo. Maana yake zinatoa maji pia, kwa makusudi, kila siku. Madhara yake ya kawaida upande wa tumbo ni choo laini, kwa hiyo paka anayezitumia akifunga choo, ni rahisi kuwa amekaukiwa maji. Na kuna mtego: paka huyu anaweza kujaa ketoni huku mashine ya sukari ikisoma namba nzuri kabisa. Akigoma kula, kipimo cha sukari hakitoshi; pima ketoni na ongea na daktari siku hiyohiyo, maana kwa kawaida dawa husimamishwa.

Kilichomo kabatini

Sasa tuje kwenye dawa za nyumbani, ambako ndiko makosa mengi hufanyika kwa nia njema.

Shangazi atasema mpe kijiko cha mafuta ya nazi. Mafuta ya kupikia ya aina yoyote humeng'enywa na kufyonzwa kabla hayajafika kule yalikotakiwa kulainisha. Kinachobaki ni unene, na kwa paka wa kisukari, ambao mara nyingi wana kongosho lenye uvimbe, chakula cha mafuta ghafla si zawadi. Mafuta ya parafini ya famasi hayafyonzwi, kweli, lakini hayana ladha wala hayamshtui koo, kwa hiyo paka anayenyweshwa kwa nguvu huyavuta mapafuni bila hata kukohoa, na nimonia ya mafuta haitibiki kirahisi. Mafuta ya nyonyo humsokota tumbo na kumkausha zaidi. Maziwa yana laktosi, sukari, na kwa paka wakubwa wengi huleta kuharisha kunakopoteza maji yaleyale tunayoyatafuta. Asali ina kazi moja tu kwenye nyumba yenye paka wa kisukari, na tumeshaitaja.

Hatari kuliko yote ni enema ya binadamu yenye sodiamu fosfeti, ile chupa ndogo ya plastiki yenye ncha iliyopakwa mafuta, inayouzwa bila cheti. Mwili wa paka, hasa aliyekaukiwa maji, hufyonza fosfeti na sodiamu hiyo; kalsiamu ya damu inaporomoka, moyo na ubongo vinavurugika, na paka wamekufa kwa chupa moja. Usiitumie kwa kiasi chochote. Enema kwa paka ni kazi ya kliniki.

Boga lililochemshwa lina sifa kubwa kupita uwezo wake. Kijiko kimoja cha chakula hakifikishi hata nusu gramu ya nyuzinyuzi, na kinakuja na wanga wake. Ili ufikie kiasi chenye maana itabidi umlishe boga badala ya nyama, na hapo unacheza na sukari. Isabgol, yale maganda ya mbegu yanayouzwa kwenye maduka ya Wahindi mjini, ina nyuzinyuzi za kweli na paka wengi hunufaika nayo, kwa sharti mbili: iwe tupu isiyo na sukari wala ladha ya chungwa, na paka awe na maji ya kutosha mwilini. Kwa aliyekauka huvimba na kuwa kizibo. Kwa ambaye utumbo mpana umeshatanuka na kuchoka, nyuzinyuzi huongeza mzigo tu.

Zile dawa za kukamua kwenye tyubu, za kuondoa nywele tumboni, zinazolambwa kidoleni, zigeuze usome nyuma. Nyingi zimechanganywa sharubati ya kimea, ya mahindi au molasi.

Laktulosi inahitaji maneno zaidi kwa sababu ndiyo famasi wengi watakupa. Imeundwa kwa sukari mbili zilizoshikana, galaktosi na fruktosi, na utumbo mdogo hauwezi kuuvunja mshikamano huo. Hivyo hupita hadi utumbo mpana na huko ikavuta maji. Kwa maelezo hayo ingeonekana salama. Ila ndani ya chupa huwamo pia kiasi cha galaktosi na laktosi zisizoshikana, na hizo hufyonzwa, ndiyo sababu maelezo ya dawa huonya kuhusu wagonjwa wa kisukari. Madaktari wengine huitumia hata hivyo, kwa kupima sukari mara nyingi zaidi, na sioni kosa. Kosa ni kuianzisha kimyakimya, kisha wiki mbili baadaye sukari ikipanda mkaongeza insulini bila mtu kujua sharubati ilikuwa inatoka wapi. Siku chupa ikiisha, insulini iliyoongezwa inabaki peke yake. (Utamu wenyewe paka hauonji kabisa, kipokezi cha ladha hiyo kiliharibika kwenye ukoo wao zamani. Kunata kwake ndiko atakakokukumbuka nako.)

Makrogoli 3350 ni chaguo linalopendwa zaidi kwa paka hawa. Ni unga usio na ladha wala sukari, haufyonzwi kwa kiasi cha maana, na kazi yake ni kushika maji ndani ya choo. Madaktari wengi huanza na thumni (sehemu moja ya nane) hadi robo ya kijiko cha chai, mara moja au mbili kwa siku, ukichanganywa na chakula chenye maji, kisha hupandisha au kushusha kwa kuangalia trei. Pakiti moja ya mtu mzima ni nyingi mno kwa mnyama wa kilo nne. Fungua, pima kwa kijiko kidogo, iliyobaki funga vizuri. Chagua isiyotiwa ladha. Unachotafuta ni choo chenye umbo kinachobonyea ukikibana na koleo. Kikiwa uji, punguza, kwa sababu uji ni maji yanayopotea. Na neno la tahadhari: makrogoli hushika maji yaliyopo, haiyatengenezi. Paka ambaye ufizi wake unanata ukimgusa, na ngozi ya mabegani ukiivuta inarudi kwa uvivu, anahitaji maji kwanza.

Maji na bakuli

Paka wa kilo 4 anahitaji takriban mililita 200 za maji kwa siku, ukijumlisha yaliyomo kwenye chakula. Chakula kikavu cha pakiti kina maji kama sehemu moja ya kumi. Cha kopo kina kama robo tatu, na samaki au kuku waliochemshwa ni kama theluthi mbili. Chakula kikavu pia huwa na wanga mwingi, kama ulivyo ugali au wali unaochanganywa na dagaa kwenye nyumba nyingi za Afrika Mashariki, na wanga ndio unaopandisha sukari ya paka. Kwa hiyo hatua ileile inatibu mambo mawili: kumhamisha paka kutoka kwenye vikavu na wali kwenda kwenye chakula chenye maji kilichojaa nyama au samaki.

Hatua hiyo ni nzuri mno kiasi cha kuwa hatari. Paka aliyekuwa akichomwa insulini kwa kipimo cha zamani, ukimwondolea wanga kwa ghafla, mahitaji yake ya insulini yanaweza kuporomoka ndani ya siku chache. Dozi iliyokuwa sahihi Jumatatu inakuwa ya kumwangusha Ijumaa. Nimesoma ushauri mwingi wa kufunga choo unaosema "mbadilishie chakula" kana kwamba ni jambo dogo. Kwa mwenye kisukari ni sawa na kubadilisha dawa. Mweleze daktari kabla, badilisha kidogokidogo, na pima sukari kila siku katika kipindi hicho, ikiwemo saa ambazo insulini iko kileleni. Usijaribu pia kumwekea chakula cha nyuzinyuzi nyingi siku ileile ulipoanza dawa mpya ya choo; sukari ikibadilika hutajua mkono wa nani umeigusa.

Maji ya kuongeza si lazima yawe ya bakuli tu. Mchuzi wa dagaa au mapezi ya samaki uliochemshwa bila chumvi, na bila kitunguu kabisa kwa kuwa kitunguu huharibu damu ya paka, hupendwa hata na wakaidi. Ongeza kijiko kimoja kimoja kwenye chakula. Dagaa wa kukaushwa kwa chumvi waloweke na kumwaga maji ya kwanza. Weka mabakuli mapana sehemu zaidi ya moja, mbali na trei. Katika miezi ya joto la Dar es Salaam au Mombasa hili halina mjadala.

Kuna paka, hasa wenye figo dhaifu, ambao daktari humfundisha mfugaji kuwawekea maji chini ya ngozi nyumbani. Hapo soma mfuko wa dripu kila mara. Ringers laktati ndiyo ya kawaida. Mfuko ulioandikwa dekstrosi ni sukari, na mifuko hiyo inafanana kwa umbo.

Kliniki

Siku mbili bila choo, au kutapika, au kutokula, au tumbo unaloligusa ukakuta donge refu gumu, ni safari ya kliniki. Nenda na daftari: dozi za insulini na saa zake, vipimo vya sukari, alichokula, na choo cha mwisho. Daktari atamgusa, atampiga picha ya eksirei, na kwa mwenye kisukari asiishie hapo. Damu ipimwe sukari, ketoni, potasiamu, kalsiamu na figo. Kumwondolea choo bila kurekebisha potasiamu na maji ni kumwandalia safari nyingine ya aina hiyo. Kama huna kliniki ya wanyama wa nyumbani karibu, hospitali za kufundishia kama ile ya Chuo Kikuu cha Sokoine mjini Morogoro au ya Kabete, Nairobi, zinajua kazi hii.

Choo kilichokwama kabisa huondolewa baada ya kumrudishia paka maji kwa mshipa. Daktari anaweza kumpa usingizi na kulainisha kwa maji vuguvugu na kilainishi, au kupitisha makrogoli polepole kwa saa nyingi kupitia mrija mwembamba wa puani, njia ninayoiona ya upole zaidi pale inapowezekana. Usingizi maana yake ni kukaa bila kula, kwa hiyo uliza mapema asubuhi hiyo achomwe kiasi gani cha insulini. Usifuate mazoea.

Ikiwa jambo hili limejirudia kwa muda mrefu, utumbo mpana unaweza kuwa umetanuka na kupoteza nguvu. Kwenye picha, upana wake ukizidi takriban mara moja na nusu ya urefu wa pingili ya tano ya kiuno, daktari huanza kulifikiria hilo. Sisapridi, dawa ya kuuchangamsha utumbo, husaidia pale ambapo misuli bado ina uhai. Kwa binadamu iliondolewa sokoni Marekani mwaka 2000 kwa sababu ya moyo, kwa paka bado hutengenezwa kwa agizo la daktari, na haitolewi kabla donge halijatoka. Ikishindikana, upasuaji wa kuondoa sehemu kubwa ya utumbo mpana upo na matokeo yake kwa paka ni mazuri kuliko watu wanavyodhani, ingawa kwa mwenye kisukari daktari atataka sukari itulie kwanza, maana kidonda chenye sukari nyingi hupona kwa tabu.

Akirudi nyumbani tumbo likiwa limesafishwa, siku mbili za kwanza trei inaweza kukaa bila choo kwa kuwa hakuna cha kutoka. Usimwongezee dawa kwa hofu hiyo. Mwangalie anakula kiasi gani, endelea na makrogoli uliyoandikiwa, na pima sukari kabla ya kila sindano, maana hamu ya kula ikirudi na maji yakirudi mwilini, dozi aliyotoka nayo nyumbani si lazima iwe ndiyo inayomfaa wiki hii.